Shokapu za Bata na Magoti ya Mjomba

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiinua milima ya Uluguru bila jeki na kuifunika ukungu bila turubai, na aliyenijalia kushika spana miaka mingi nikatoka na vidole vyangu vyote kumi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, na jamaa zake, na kila aliyenifundisha kazi, hai na marehemu.

Nimestaafu mwaka huu. Vijana wa karakana waliniaga kwa pilau, kisha wakaniomba niwaandikie machache ya kuwafaa. Ya vyeo na mishahara siyaandiki. Hayo yanamhusu mhasibu, naye hajaniomba chochote. Nitaandika kuhusu springi, kwa sababu ndizo zilizonilisha, na kuhusu siku moja ambayo springi ziliamua ndoa ya watu.

Nilianza kazi Morogoro Mjini, katika karakana ya ushirika wetu wa wakulima wa mboga. Siku ya kwanza nilifika na ovaroli mpya iliyopigwa pasi hadi mikono. Fundi mkuu alikuwa Mzee Sefu, mtu mfupi, mtaratibu, mwenye ndevu zilizokuwa na grisi upande mmoja tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo ovaroli unakwenda nayo kuposa?"

Hakunipa spana. Alitia chai ya rangi kwenye glasi, akaiweka juu ya kiti cha pikipiki iliyokuwa imesimama, akabonyeza mkia wa pikipiki kwa mkono wake.

"Umeona nini?"

"Chai imemwagika, mzee."

"Hata mke wangu angeliona hilo, tena angenigombeza. Imemwagikia upande gani?"

Hapo ndipo nilipojifunza kazi. Kila chombo kina mahali kinapopeleka uzito wake, na chai haifichi. Ikimwagikia nyuma, uzito unakimbilia nyuma. Ikimwagikia mbele, chombo kinaangukia pua. Ukishajua uzito unakwenda wapi, ndipo unatafuta spana. Mzee Sefu alifanya kazi hivyo hadi Mungu alipomwita, na sikumbuki siku hata moja aliyokunywa glasi nzima ya chai akiwa kazini. Mungu amnyweshe huko aliko.

Baadaye nilihamishiwa Mgeta, kwenye kituo cha ushirika ambako malori hupakia kabichi na karoti za kwenda Dar es Salaam. Barabara ya magari inaishia hapo. Kuanzia hapo kwenda juu ni njia za miguu, na nyingine ni za miguu kwa heshima tu, maana mtu anapanda kwa mikono pia. Pikipiki za ushirika zilikuwa zinashusha matenga kutoka mashambani, nami ndiye niliyezifufua zilipokufa.

Vijana wangu, mnajua wenyewe dereva wa bodaboda akiutazama mlima anachosema. "Mzee, kaza zote." Kila fundi huambiwa hivyo, na mafundi wengi hukubali ili waondokewe. Ukikaza zote, chombo kinakuwa kigumu kama meza, na meza haipandi mlima. Mlimani uzito unarudi nyuma wenyewe, hauombi ruhusa. Kazi ya fundi ni kuuzuia usirudi wote, ili gurudumu la mbele libaki chini na usukani uwe na cha kuongoza. Nimelisema hili mara nyingi kiasi kwamba vijana wa Mgeta walinipachika jina la Sheikh Springi. Sikukasirika. Masheikh wengine wameitwa vibaya zaidi.

Sasa nifike kwa Bata.

Ushirika wetu una marafiki katika nchi moja ya baridi huko Ulaya. Mwenyekiti aliwahi kuwatumia picha nzuri ya milima yetu iliyopigwa alfajiri, vilele vyote vimezama katika ukungu mweupe. Marafiki wakaitazama, wakatuonea huruma. Kwa akili zao, kitu cheupe juu ya mlima ni theluji. Wakachanga, wakanunua, wakapakia kwenye kontena, na siku moja lori lilitushushia mbele ya karakana pikipiki ya theluji.

Kwa asiyeijua: haina magurudumu. Mbele ina nyayo mbili ndefu zilizopinda ncha, za kutelezea. Nyuma, chini ya kiti, kuna mnyororo mpana wa mpira wenye meno, unaozunguka kama wa katapila. Injini yake inapozwa kwa feni na inakunywa petroli iliyochanganywa na oili. Wanawake waliokuwa wakifunga karoti waliziangalia zile nyayo wakasema papo hapo, "Huyu ni bata." Jina likabaki.

Mwenyekiti alipiga picha amemkalia Bata, akiwa na miwani ya jua, akawatumia wafadhili shukrani. Kisha Bata akaegeshwa kwenye kona, na kuku wa mlinzi wakaanza kutagia kwenye kiti chake. Kwa misimu kadhaa ndiyo iliyokuwa faida yake pekee, nami siidharau, mayai yalikuwa mazuri.

Aliyemtoa Bata kwenye kuku ni Zuhura. Zuhura alikuwa mtunza stoo ya vipuri wetu, binti wa kijiji cha juu kabisa mlimani, mwenye ulimi mkali na kumbukumbu ya ajabu ya saizi za nati. Aliniita Baba, nami nilimlea kazini kama mwanangu. Alikuwa ameposwa na kijana mwema wa kijiji hichohicho, mwalimu wa madrasa. Baba yake alikuwa radhi, sheikh alikuwa tayari, na ndoa ilipangwa iwe Shawwal baada ya mfungo, ambayo mwaka ule iliangukia katikati ya masika.

Kikwazo kilikuwa mjomba. Nyinyi mliotoka mikoa mingine mvumilie nieleze. Sisi Waluguru ukoo wetu unapitia kwa mama. Dini inamtaka baba amuozeshe binti yake, nasi tunaitii dini. Lakini asipokuwepo kaka yake mama akakaa mkekani na kusema "nimeridhika," ukoo unaiona harusi kama chai isiyo na majani. Wazee wa mama yake Zuhura walishasema: mjomba asipofika, nao hawakai.

Mjomba huyo, Mzee Banzi, alikuwa amehamia mjini kwa mwanawe. Alikuwa mtu mnene, mnyoofu, mwenye sauti ya kuitia mkutano na magoti yaliyokwisha kustaafu kabla yake. Kupanda kwa miguu asingeweza. Machela aliikataa.

"Wanaobebwa kwa machela ni maiti na wenye uchungu wa uzazi," alimwambia Zuhura kwenye simu, nami nikisikia. "Mimi bado sijafa, na mimba sina."

Bodaboda zilikuwa hazipandi ile njia wakati wa masika. Hata nyumbu angeomba udhuru. Na juu ya yote kulikuwa na Mzee Kobelo, babu yake bwana harusi. Wazee hawa wawili waligombania mfereji wa maji ya kumwagilia walipokuwa vijana wenye meno yote. Tangu hapo Mzee Banzi alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba hatainamisha kichwa mbele ya Kobelo, na Kobelo naye akajibu kwamba hajakiomba.

Zuhura alikata simu, akakaa juu ya boksi la vichujio, akalia kidogo kwa hasira. Kisha akafuta macho, akatazama kwenye kona.

"Baba, yule si aliletwa kupanda milima?"

"Ya theluji, mwanangu."

"Mlima ni mlima. Watoe wale kuku."

Tukawatoa. Injini iliwaka baada ya kusafisha kabureta na kubadilisha plagi, na mlinzi akakimbia akidhani lori limekosa breki. Jaribio la kwanza lilikuwa kwenye kijimlima cha nyuma ya kituo. Bata alipanda vizuri, kisha tukasikia harufu ya beseni linaloungua. Ule mnyororo unateleza juu ya reli mbili za plastiki, na theluji ndiyo inayozilainisha na kuzipoza. Sisi tulikuwa na udongo. Kidogo tu tungebaki na reli za uji.

Tulijaribu maji, yakakauka. Tulijaribu oili ya zamani, udongo ukaganda nayo kama chapati. Zuhura akatazama pale malori yanapopakiwa. Mnapajua: kabichi huchambuliwa pale kabla ya safari, na majani ya nje hubaki yamerundikana hadi kiunoni, yamelowa, yanateleza. Kila mpakiaji wa Mgeta amewahi kuangukia makalio pale, pamoja na mwenyekiti.

"Theluji yetu hiyo hapo," alisema.

Tukamwaga majani njiani. Nyayo za mbele zikateleza juu yake kama zimerudi kwao. Mnyororo uliyararua, maji ya kabichi yakaingia kwenye reli, na harufu ya kuungua ikageuka harufu ya mboga ya mchana. Nilisema Subhanallah kwa sauti. Mtu amevuka bahari kutuletea chombo cha theluji, na Mungu alikuwa ametuwekea theluji ya kijani tunayoikanyaga kila siku.

Ikabaki kazi ya shokapu. Hapa msome polepole.

Tulimfunga Bata magunia ya viazi nyuma ya dereva, uzito wa kukisia wa Mzee Banzi, tukauelekea mwinuko mkali. Akasimama wima kwa mkia kama mbwa anayeomba mfupa, akanimwaga mimi pamoja na viazi. Mmoja wa madereva wa bodaboda akapiga kelele, "Sheikh, kaza zote!"

Niliagiza chai.

Niliweka glasi kwenye kiti, Zuhura akaketi nyuma na kubonyeza. Chai yote ilikwenda nyuma. Tukaanza kufungua. Kumbe ndani ya ule mnyororo kuna shokapu mbili: ya mbele, ambayo ikiwa ngumu huisukuma pua ya chombo juu, na ya nyuma, ambayo ikiwa laini huacha mkia uzame. Bata alikuwa amefungwa kinyume kabisa cha haja yetu, bila shaka kwa ajili ya tambarare za huko kwao. Tukailegeza springi ya mbele, tukaikaza ya nyuma. Kisha kuna utepe mgumu, kama mkanda wa kiti cha gari, unaoweka kikomo cha sehemu ya mbele ya mnyororo kushuka. Ukiwa mrefu, chombo kinapopanda, mbele hunyanyuka; ukiufupisha, nyayo zinabaki ardhini na usukani unasikia. Tukaufupisha kwa kurudisha boliti tundu la ndani. Mwisho tukazikaza kidogo springi za nyayo zenyewe, ili zisiyumbe kwenye kona.

Glasi nyingine. Safari hii chai ilitikisika ikabaki. Viazi vilifika juu vyote, na nusu yake viliingia kwenye pilau ya harusi.

Siku yenyewe ilipofika, wanawake wa kijiji walikuwa wametandika majani ya kabichi njia nzima, kutoka kituoni hadi uwanja wa nyumba ya kina Zuhura. Ilipendeza kama zulia. Waliopata habari haraka zaidi ni mbuzi. Walianzia kingoni, wakila kuja katikati kwa utaratibu, na watoto waliotumwa kuwafukuza walikuwa wakifukuza huku, mbuzi wakirudi kule. Ikawa wazi kwamba tukichelewa, barabara itakuwa imeliwa.

Mzee Banzi alishushwa kwenye pikapu akiwa na kanzu nyeupe, koti jeusi, kofia ya kufuma na mwavuli. Alimtazama Bata kwa muda.

"Hiki ndicho?"

"Ndicho, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kinauma?"

"Hakiumi, mzee. Kinanguruma tu."

"Kama Kobelo," alisema, akakaa.

Alikaa wima kama mtu aliye kwenye jukwaa la wageni rasmi. Nikapanda mbele yake, nikasoma bismillahi na dua ya safari, nikatia moto. Tulipanda. Majani yakiruka nyuma yetu, wanawake wakipiga vigelegele kwenye kingo za mashamba, mbuzi mmoja akitufuata akila tulipopita. Mzee alifungua mwavuli. Nilimsihi aufunge. Akaufunga, lakini alinung'unika kwamba chombo cha maana kingekuwa na paa.

Mwinuko wa mwisho ndio mkali kuliko yote, na juu yake ndipo walipokuwa wamesimama wakwe, Mzee Kobelo akiwa mbele yao na fimbo yake. Tulipofika katikati, nikasikia usukani umekuwa mwepesi. Nyayo zilikuwa zimeanza kunyanyuka. Nikazima moto, nikamsimamisha Bata kwa breki, akabaki amening'inia pale kama kanzu msumarini. Nilielewa papo hapo. Viazi tulivifunga chini, vikaegemea mbele. Mjomba alikuwa amekaa wima, mwili wote juu na nyuma. Hakuna springi iliyotengenezwa kwa ajili ya heshima ya kiasi kile.

"Mzee, tafadhali egemea mbele. Inama juu ya mgongo wangu."

"Niiname?"

"Kidogo tu, mzee. Uzito uje mbele."

"Unamwona aliyesimama pale juu?"

"Namwona."

"Basi unajua jibu langu."

Nyuma yetu hapakuwa tena na jani hata moja. Yule mbuzi alikuwa ameyamaliza. Kurudi ilikuwa kuanguka, na kukaa ilikuwa kuwaachia mbuzi majani ya mbele. Simu yangu ikalia. Nikaiweka sauti ya nje, maana mkono mmoja ulikuwa kwenye breki. Alikuwa Zuhura, akiwa amefungiwa chumbani na hina zake kama bibi harusi inavyompasa.

"Baba, mbona sisikii injini?"

"Mjomba wako hataki kuinama."

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu."

"Mjomba, inama kidogo ufike."

"Mwanangu, unataka nimwinamie Kobelo mbele ya ukoo mzima?"

"Shokapu haimjui Kobelo, mjomba. Sheikh yuko hapa anatazama saa. Wazee wa mama wameshavaa viatu, usipotokea wanaondoka. Mimi nimeshapakwa hina, na haitoki leo."

Akakata simu.  Nilisikia pumzi nzito ya Mzee Banzi nyuma ya shingo yangu, na nikamwomba Mungu kimoyomoyo, maana spana nilikuwa nimeziishiwa.

"Fundi," alisema baadaye, kwa sauti ya chini. "Msikiti wa huku juu umeelekea wapi?"

"Kibla, mzee, kama misikiti yote."

"Najua. Nauliza kwa hapa tulipo ni upande gani."

Nikatazama. "Ni hukohuko tunakopanda. Kaskazini."

Akaupachika mwavuli kwapani.

"Basi tia moto."

Nikatia. Na Mzee Banzi, ambaye kwa magoti yake alikuwa akiswali kwenye kiti, akainama juu ya mgongo wangu rukuu kamili, akisema taratibu, "Subhana rabbiyal adhim." Haikuwa swala, wala sitaki mtu aniletee swali hilo msikitini, ilikuwa dhikri ya mzee aliye safarini. Nyayo zikarudi ardhini. Usukani ukasikia. Bata akapanda ule mwinuko kama anavuta kamba, nami nikiyahesabu maneno ya mzee masikioni mwangu, hadi tukatokea juu uwanjani na injini ikazimika yenyewe kwa uchovu.

Sasa mtazame walichokiona wakwe. Walimwona Banzi, aliyeapa, akitokea kwenye ukingo wa mlima ameinamisha kichwa chini kabisa, mikono magotini. Tena nilipomshusha hakunyooka, kwa sababu kiuno chake kilikuwa kimegoma.

Mzee Kobelo alitupa fimbo. Akavua kofia. "Banzi," alisema, "mbona umenitangulia?" Akainama naye, chini zaidi, kwa haraka ya mtu anayeona deni linamzidi. Nacho kiuno chake kikagoma.

Basi tukawa na wazee wawili uwanjani wameinamiana, kila mmoja akitazama viatu vya mwenzake, na hakuna aliyethubutu kuwagusa kwa kuhofia kuharibu jambo. Mwisho Kobelo akanyoosha mkono, Banzi akaushika, wakavutana taratibu, wakiguna, hadi wote wawili wakasimama. Walipokuwa wamesimama, hawakuachiana mikono.

"Maji," alisema Kobelo, "asubuhi yapite kwenu, jioni kwetu."

"Asubuhi yapite kwenu," alijibu Banzi. "Mimi siku hizi nachelewa kuamka."

Aliketi mkekani, akasema "nimeridhika" kwa sauti iliyosikika hadi bonde la pili, na ndani ya nyumba nikasikia kigelegele kimoja ambacho kwa desturi bibi harusi hatakiwi kukipiga. Ndoa ikafungwa. Mbuzi wakamaliza zulia.

Jioni, wanawake walipokwisha kutandika majani mengine nami nikimwandaa Bata kwa safari ya kushuka, Mzee Banzi aliniita pembeni. Nilidhani ataniambia nieleze watu ukweli wa ile rukuu. Akaniuliza tu:

"Fundi, na kushuka napo lazima niiname?"

"La, mzee. Kushuka mtu anaegemea nyuma, kifua wazi."

"Hiyo sasa ndiyo yangu," alisema, akafungua mwavuli. Safari hii sikumkataza.

Ameshatangulia mbele ya haki sasa, na Mzee Kobelo alimfuata muda si mrefu. Ndiyo maana naandika. Zuhura yuko stoo na ana watoto, muulizeni saizi yoyote. Maji ya mfereji yanapita hadi leo. Bata naye bado yupo kwenye kona, na kuku wamerudi. Siku mkimhitaji, watoeni kwa upole, na utepe wake wa ndani msiulegeze hata mkishawishiwa. Mbele laini, nyuma ngumu, utepe mfupi, na abiria ajue pa kuelekea.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akupe mlima unaouweza na chombo kinachokutii. Akujalie watu wa kukutandikia njia, akuwekee mbuzi mbali nayo, na siku kiuno chako kitakapogoma, akuletee mkono wa kukuinua, hata kama ni wa yule usiyemtarajia. Amin.